Mtu akizidiwa ndani ya ndege na safari yenyewe ni ya nusu saa, fanya hivi

Ndege za kwetu huku nyingi ni safari fupi, Dar Zanzibar ni kama dakika 20 tu hewani, Nairobi Mombasa haifiki saa nzima, Dar Mwanza saa moja na ushee, na kwa sababu ya huo ufupi watu wanajiaminisha kwamba hakuna kitakachotokea, na kikitokea basi "avumilie tu, tunakaribia kushuka". Hiyo avumilie ndo shida yenyewe. Nimefanya uhudumu kwenye ruti hizi za ndani, na kama utasoma aya hii moja tu halafu ukaondoka basi ondoka na hili: kwenye safari fupi kazi ya kwanza ni kusema mapema, mwambie mhudumu sasa hivi, siyo baada ya kumwangalia mtu dakika kumi uone kama atapata nafuu.

Ni hesabu ndogo tu. Kwenye ndege ya Dar Dubai kuna muda wa kujaribu hiki na kile, mtu atapewa oksijeni, atalazwa, ataitwa daktari, ataangaliwa nusu saa nyingine. Ya Zanzibar ukimsubiria mtu dakika kumi nusu ya safari imeisha, ndege inaanza kushuka, wahudumu wameshakaa na mikanda yao, na huko chini hakuna hata mmoja anayejua mnakuja na mgonjwa. Gari la wagonjwa halijileti lenyewe, kapteni aongee na mnara wa kuongozea ndege, mnara uwapigie watu wa uwanja, dereva na nesi watafutwe, gari liruhusiwe kuingia ndege zinakopaki, zote hizo ni dakika. Ukisema mkiwa bado mnapanda juu, mkitua mnakuta gari limeshasimama linawasubiri.

Halafu kuna suala la kapteni kuamua aende wapi. Akipata habari mapema ana uchaguzi, anaweza kurudi alikotoka, anaweza kuendelea, na kwenye ndege ya Dar Mwanza anaweza kufikiria Dodoma au Kilimanjaro njiani. Akiambiwa mmebakiza dakika saba hana cha kuamua tena. Na uamuzi ni wake, siyo wa ndugu wa mgonjwa na wala siyo wa daktari aliyejitolea, kwa sababu yeye ndo anajua hali ya hewa, mafuta, urefu wa ranwei na kama uwanja wa karibu una taa za usiku, maana vingi vidogo havina. Mara nyingi kwenye safari ya chini ya saa moja jibu linakuwa ni kwenda kulekule mlikokuwa mnakwenda ila kwa haraka, na kuomba kipaumbele cha kutua. Abiria wengine wanapiga kelele "geuza ndege", jamani kugeuza, kujipanga na kutua kwingine kunaweza kula muda kuliko kumalizia.

Sasa unasemaje. Bonyeza kile kitufe cha kumwita mhudumu kilicho juu ya kichwa chako, na kama ndege inapanda au inashuka na wahudumu wamekaa, kibonyeze tena na tena na upaze sauti, sema "kuna mgonjwa siti namba 12" mara mbili. Usifungue mkanda ukakimbilia mbele wakati ndege inashuka, ukianguka tunakuwa na wagonjwa wawili. Wapo watu wanaona aibu kusumbua. Kuna utaratibu kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000 marubani hawasumbuliwi na habari zisizohusu usalama, na ya Dar Zanzibar kwa kawaida safari nzima iko chini ya hapo, lakini abiria aliyezidiwa ni habari ya usalama, mhudumu atapiga simu ya ndani na watapokea.

Kapteni hahitaji hadithi ndefu. Anataka: mzee wa kama miaka sitini, siti 7C, amezimia, anapumua, hajaamka, imeanza dakika tatu zilizopita, ndugu anasema ana kisukari. Imetosha. Kama wewe ndo umekaa naye, yaandae hayo kichwani kabla mhudumu hajafika, na cheki saa yako muda huohuo tatizo linapoanza, maana baadaye kila mtu atataja muda wake na madaktari huko chini wanauhitaji huo muda kuliko unavyodhani.

Kitu gani hasa kinatokea. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliangalia dharura karibu 12,000 za kwenye ndege za mashirika matano, wakakuta ni kama safari moja kati ya 604 inayokuwa na mgonjwa. Kuzimia na kukaribia kuzimia peke yake kulikuwa zaidi ya theluthi, asilimia 37, matatizo ya kupumua asilimia 12, kichefuchefu na kutapika kama 9 na nusu. Kubadilisha njia na kwenda kutua kwingine ilikuwa asilimia 7 tu. Ukifanya kazi kabini unaona picha inayofanana na hiyo, wengi ni kuzimia, na wengi wanaamka.

Kwahiyo tuanze na kuzimia. Kwetu sababu zake ni za kawaida kabisa, ndege ya saa kumi na mbili asubuhi, mtu kaamka saa tisa usiku, hajala, kapanga foleni, kasimama kwenye jua la Dar anasubiri kupanda ngazi, anaogopa ndege, na labda jana yake alikuwa harusini. Ongeza na hewa ya ndani. Ndege kubwa zikiwa juu kabisa hewa ya kabini huwa kama uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama umesimama geti la Marangu au juu yake kidogo unapoanza kupanda Kilimanjaro. Kwa mtu mzima wa afya siyo tatizo, na hizi ndege za mapanga za ATR na Dash 8 zinazoruka chini zaidi ni nafuu, ila kwa mwenye moyo mbovu, mapafu mabovu au damu pungufu ule upungufu mdogo wa oksijeni anausikia. Na ukiwa mtu wa Dar kumbuka Nairobi yenyewe ni mita 1,600 na kitu, umeshuka kwenye ndege lakini mwinuko bado unao.

Aliyezimia anatakiwa alale chini miguu ikiwa juu. Basi. Kitu kibaya kuliko vyote ni kile tunachokipenda, kumkalisha wima, kumshikilia kichwa kisianguke, kumpiga vikofi, kummwagia maji, watu saba wamemzunguka kila mmoja na gazeti lake la kupepea. Damu inatakiwa irudi kichwani na ukimkalisha wima unaizuia. Kama kuna siti tupu pembeni nyanyua ile mikono ya siti, mlaze, miguu weka juu ya begi au mtu aishike. Hakuna nafasi kabisa, mwinamishe mbele kichwa kiende magotini huku umemshikilia. Legeza tai, mkanda wa suruali, na mtandio kama umekaza shingoni, kwa heshima, akina mama wasaidiwe na akina mama inapowezekana. Wengi wanafumbua macho ndani ya dakika moja au mbili. Akiamka usimruhusu kusimama, abaki amelala, apewe maji au juisi akishakuwa na akili timamu kabisa, na hata kama anasema "niko fresh" mhudumu aambiwe. Asipoamka ndani ya dakika mbili hiyo siyo kuzimia kwa kawaida tena.

Na asiende chooni! Hili nalisema kwa nguvu. Mtu anayejisikia vibaya, jasho linamtoka, tumbo linavuruga, cha kwanza anataka kwenda kujifungia chooni, anazimia humo ndani kwenye kile kichumba mlango umefungwa. Wahudumu wanajua kuufungua kwa nje ila kumtoa mtu mzito mle ni kazi. Mpe mfuko wa kutapikia, abaki kwenye siti yake.

Sukari kushuka inafanana sana na kuzimia na ndo maana inapitiwa. Mtu anatetemeka, jasho jembamba, anaongea vitu havieleweki, anakuwa mkali, watu wanasema amelewa. Muulize yeye au ndugu kama ana kisukari na kama amechoma insulini au kumeza dawa bila kula. Akiwa anaweza kumeza mpe nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi ya boksi, siyo ile soda isiyo na sukari, au vijiko vitatu vinne vya sukari ndani ya maji. Robo saa baadaye mwangalie tena, bado, mrudie. Akiwa hana fahamu usimwekee kitu chochote mdomoni, wala asali, wala sukari ya kupaka, itaingia kwenye mapafu. Mwezi wa Ramadhani hii inaongezeka, na utakuta mzee wa watu anakataa kufungua, hapo kaa naye kwa adabu umkumbushe kwamba mgonjwa na msafiri ruhusa yao ipo, na yeye ni vyote viwili. Kama hukuwa na mashine ya kupima na huna uhakika sukari imepanda au imeshuka, mpe, kwa sababu sukari iliyoshuka inaua kwa haraka na iliyopanda haitaharibika kwa nusu glasi ya juisi.

Pumu. Mwenye pumu anajijua, tatizo ni kwamba dawa yake ya kupuliza iko kwenye begi kubwa tumboni mwa ndege. Kama anayo mkononi mkalishe wima, ainame mbele kidogo, avute mpulizo mmoja wa dawa, apumue kama mara nne, mpulizo mwingine, hivohivo mpaka mipulizo minne, akiwa bado anabanwa inaweza kurudiwa. Omba oksijeni, ndege zenye wahudumu zina mitungi midogo ya kubeba. Dalili ya hatari ni kushindwa kumaliza sentensi fupi bila kupumua katikati, au ule mlio wa kifua kunyamaza ghafla huku mtu anazidi kuchoka, watu wanadhani amepata nafuu kumbe hewa haipiti.

Tofautisha na hofu. Kuna abiria, na ni wengi kuliko wanaokiri, ambao ndege ikitikisika kidogo wanaanza kuhema haraka haraka, vidole na midomo vinafanya ganzi, kifua kinabana, wanaamini wanakufa. Mkalie karibu, ongea taratibu, avute hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne na aitoe mdomoni ukihesabu mpaka sita. Usimwambie "acha uoga". Na ule mtindo wa kuhemea ndani ya mfuko wa karatasi achana nao, kama kumbe ni moyo au pumu umemuongezea tatizo. Kama ni mtu wa makamo na hajawahi kuwa na hofu ya ndege, mchukulie ni moyo mpaka waseme wenyewe hospitali.

Kifafa na degedege: mtu anajikakamaa na kurusha mikono, na hapo ndo utaona kila mtu ni mganga. Kijiko mdomoni, kiatu puani, kitunguu, kumshika kwa nguvu watu wanne. Hapana, hapana, hapana. Hakuna mtu anayemeza ulimi wake. Unachofanya ni kuondoa vitu vigumu karibu yake, weka mto au sweta kati ya kichwa na dirisha au siti ya mbele, mkanda mlegeze usimkate tumbo, na angalia saa. Nyingi zinaisha zenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Zikiisha mlaze kiubavu ili mate na matapishi yatoke, atakuwa amechoka na amechanganyikiwa, pengine amejikojolea, mfunike na shuka au kanga ya mtu, usimwache awe sinema. Ikipita dakika tano haijaisha, au inaisha na kurudi kabla hajapata fahamu, kapteni aambiwe kwa lugha hiyohiyo. Mtoto mwenye homa akidegedeka ni vilevile, na mvue manguo mazito, mama zetu tunawavalisha masweta matatu kwa kuogopa baridi ya ndege mtoto tayari anaungua.

Kifua cha moyo kina tabia yake, kama kitu kizito kimekaa katikati ya kifua, maumivu yanaenda mkono wa kushoto, taya au mgongo, jasho baridi, na kwa akina mama na wenye kisukari inaweza kuwa ni kuchoka ghafla na kichefuchefu tu, watu wanasema gesi. Asitembee hata hatua moja. Akae nusu kulala, oksijeni kama anahema kwa shida, na kama hana aleji ya aspirini wala tatizo la kutoka damu, atafune aspirini ya miligramu 300, atafune kabisa siyo kumeza nzima. Taarifa ya kapteni hapa iseme neno moyo waziwazi, kwa sababu kwa Dar kwa mfano ndugu wanaweza kuanza kuwapigia simu watu wa taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili mara tu simu zikiruhusiwa, na ukijua foleni ya barabara ya Nyerere jioni utaelewa kwa nini nasema mapema kila mara.

Kiharusi, cheki uso umepinda upande mmoja akitabasamu, mkono mmoja unashuka akinyanyua yote miwili, maneno yanakokoteka. Hakuna cha kumpa. Usimpe maji, usimpe aspirini, usimpe dawa ya presha ya jirani. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, kwahiyo ukimpa daktari muda kamili umempa kitu cha kufanyia kazi.

Sasa hili la mtu asiyeitika na asiyepumua vizuri. Mtikise mabega, mwite, angalia kifua sekunde zisizozidi kumi. Kule kukoroma na kuvuta hewa kwa kushtuka shtuka siyo kupumua, usidanganyike. Kwenye siti huwezi kufanya kitu, kifua kinahitaji mgongo ulio kwenye kitu kigumu, kwahiyo anavutwa chini kwenye korido na ikiwezekana mpaka mlangoni au jikoni ambako kuna nafasi, watu wawili, mmoja kwapani mmoja miguuni, hata kama siyo kwa ustaarabu. Korido ya ATR ni nyembamba, ukishindwa kupiga magoti pembeni yake piga magoti kichwani kwake na ukandamize ukiwa huko. Katikati ya kifua, mikono imenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kila ukikandamiza mara 30 pumzi mbili kama una kile kifaa cha kumpulizia hewa mdomoni na unajua kukitumia, kama hujui kandamiza tu usisimame. Badilishaneni kila dakika mbili, inachosha kuliko watu wanavyofikiria, na mwingine akalete mashine ya kushtua moyo kama ipo. Marekani ndege za abiria zenye mhudumu zililazimishwa kuwa nayo tangu 2004, huku kwetu usitegemee kila ndege inayo, uliza. Ikiwepo ni rahisi, ukiiwasha inaongea, unafuata. Kifua kikavu, vibandiko viwili, mtu asimguse inaposema msimguse. Kapteni au mhudumu mkuu akiwaambia mkae kwa ajili ya kutua, mkae, na mkishagusa ardhi mnaendelea.

Kupaliwa nako kunatokea sana kwa zile korosho na karanga zinazogawiwa halafu ndege ikaruka kidogo. Anayekohoa mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kutoa sauti, mwinamishe, mpige matano kati ya mabega kwa kiganja, ikigoma zunguka nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano, rudia. Mjamzito na mnene sana unavuta kifuani siyo tumboni. Mtoto chini ya mwaka ni mapigo ya mgongoni akiwa ameinamishwa kwenye mkono wako, na kukandamiza kifua kwa vidole viwili, tumbo lake usiguse.

Damu ya pua ni kuinama mbele na kubana zile nyama laini za pua dakika kumi bila kuachia kuchungulia. Masikio kuuma wakati wa kushuka ni kumeza mate na kutafuna, mtoto anyonye, na mwanzo wa kushuka kwenye safari fupi unakuja haraka, kwahiyo usimwache alale mpaka mnatua.

Ndege ndogo zisizo na mhudumu

Hizi Caravan za kwenda Mafia, Pemba, Serengeti hazina mhudumu kabisa, ni rubani mmoja au wawili na nyie abiria kumi na kitu, na ndege yenyewe haijazwi hewa, mnavuta hewa ya urefu huohuo mlioko. Hapa wahudumu ni nyie. Aliyekaa mbele karibu na rubani ndo simu yenu, amguse bega taratibu, asubiri ageuke au atoe ishara, aseme kwa sentensi moja, kelele za injini ni kubwa na yeye amevaa hedifoni. Kama ndo yuko anatua usimguse, subiri magurudumu yaguse, isipokuwa labda mtu amemwangukia. Sanduku la huduma ya kwanza lipo, muulize liko wapi kabla hamjaondoka, hakuna rubani anayechukia swali hilo. Na kwa wanaotoka kuzamia Mafia, Pemba au Mnemba, mzamio mmoja subiri angalau saa 12 kabla ya kuruka, mizamio mingi au ya siku kadhaa angalau saa 18, gesi iliyobaki mwilini inatoka na kuleta maumivu ya viungo, ganzi na mengine makubwa, na ukiwa juu dawa yake ya kweli ni oksijeni na kushuka chini.

Ukiwa daktari, nesi au klinikali ofisa

Ukisikia tangazo nyanyuka, sema fani yako ukweli, kama ni daktari wa meno sema ni wa meno, na kama umeshakunywa bia mbili kaa. Beba kitambulisho cha kazi, wataomba kabla ya kukufungulia lile boksi lenye dawa. Kwenye ndege ya mapanga kipimo cha masikioni hakisaidii kitu, kelele ni nyingi, presha ipime kwa kushika mshipa wa mkono, utapata ile namba ya juu tu na inatosha. Usianze kutafuta utambuzi kamili wa ugonjwa, una dakika 25, mpe kapteni jibu moja tu, anaweza kusubiri mpaka tufike au hawezi.

Kabla hujapanda

Haya ndo ningependa watu wayasome zaidi lakini najua wameshachoka. Ndege za ndani zinabeba wagonjwa wengi sana, watu wa rufaa kutoka mikoani wanaletwa Muhimbili, wengine wanapelekwa hospitali za Bugando au KCMC, na ndugu wanamficha mgonjwa kaunta kwa kuogopa atakataliwa. Anavalishwa miwani, kofia, "amechoka tu huyu". Halafu futi elfu kumi na tano anaishiwa pumzi na sisi hatujui lolote. Shirika lina fomu ya kujazwa na daktari kwa wagonjwa, iombe siku mbili tatu kabla, na kwa fomu hiyo unapangiwa kitimwendo, siti ya mbele, oksijeni kama wanayo. Mtungi wako mwenyewe wa oksijeni hauingii nao hivihivi bila kibali. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni amuulize daktari wake, hewa iliyobaki ndani ya mwili inaweza kuvimba kwa karibu theluthi ndege ikiwa juu. POP mpya ya mguuni, yaani plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, ni hivohivo, siku moja mbili za kwanza ni hatari. Wenye selimundu, wengi tunaita sikoseli, wanywe maji mengi na wasipande wakiwa na maumivu tayari. Wajawazito, kuanzia wiki 28 beba barua, na mashirika mengi wiki ya 36 ndo mwisho, mapacha mapema zaidi.

Na kama mtu hali yake ni mbaya kweli, ndege ya abiria siyo ambulensi. Wapo wanaofanya kazi hiyo, kama AMREF Flying Doctors wenye kituo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kazi iliyoanza 1957, wana nesi na mashine ndani. Bei si ndogo, najua, ila angalau ulizia kabla ya kumnunulia tiketi ya kawaida mtu ambaye hawezi kukaa wima nusu saa.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, na karatasi moja yenye majina ya dawa, dozi, na simu ya ndugu. Jitambulishe kwa mhudumu unapoingia, sentensi moja, "mama yangu ana moyo, tuko siti ya 4". Hatashushwa kwa hilo, na safari nzima atatupiwa jicho.

Mkitua

Kaeni. Sisi tuna ugonjwa wa kusimama magurudumu yakigusa tu, korido inajaa mabegi na watu wa huduma wanashindwa kupita, kwahiyo wahudumu wakitangaza mbaki mmekaa mbaki kweli, na simu za kurekodi mzirudishe mfukoni, yule ni baba wa mtu. Aliyekaa na mgonjwa tangu mwanzo ndo awape watu wa gari maelezo, saa ilipoanza, alichopewa na saa ngapi, aliamka au hakuamka, na ile karatasi ya dawa iende naye. Ndugu mmoja aingie kwenye gari na mwingine abaki na stika za mizigo achukue mabegi, na kama alikuwa anasafiri peke yake mkabidhini mfanyakazi wa shirika ile stika yenye namba, simu yake na kitambulisho, mbele ya shahidi.